Vyumba vya Ofisi Vinavyohisi Watu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wenye ofisi na wafanyakazi wa Malindi: mawakili, mahoteli, vyama vya akiba na mikopo, shule, na wengine wanaofikiria kufunga vifaa vinavyotambua kuwepo kwa watu chumbani na kuendesha taa, viyoyozi au ratiba za mikutano bila kusubiri mtu abonyeze swichi. Maswali yamepangwa kama yanavyofuatana katika mazungumzo, si kwa uzito wake.

Chumba kinachohisi watu ni chumba cha namna gani hasa?

Ni chumba cha kawaida chenye meza, viti na dirisha lake, ambacho kimeongezewa vihisi vinavyopima kinachotokea ndani, programu inayofasiri vipimo hivyo, na vifaa vinavyoweza kuamrishwa, kama vile taa, kiyoyozi, projekta au kufuli ya mlango. Kikikosa kimojawapo hakikamiliki. Wenye ofisi wengi wakishafunga kamera ukutani hudhani tayari wana chumba cha aina hii, ilhali kamera inayorekodi na kuhifadhi picha haimsaidii kwa lolote yule aliyeko ndani; inamsaidia atakayetazama baadaye. Tofauti hiyo itajitokeza tena hapa chini, kwa sababu vihisi vilevile vinavyompunguzia karani usumbufu ndivyo vinavyoweza kugeuzwa kuwa mnyapara wake.

Je, ni wazo jipya?

La. Mark Weiser, wa kituo cha utafiti cha Xerox PARC huko California, alianza mwaka 1988 kuzungumzia kompyuta zitakazotawanyika katika mazingira ya kazi hadi watu waache kuzitambua, na mwaka 1991 akalieleza wazo hilo kwa umma katika jarida la Scientific American. Kipindi hichohicho, mjini Cambridge nchini Uingereza, watafiti wa maabara ya Olivetti, wakiwemo Roy Want na Andy Hopper, walitengeneza beji ndogo ya kuvaliwa iliyotoa ishara ya infraredi, yaani miale isiyoonekana kwa macho, takribani kila baada ya sekunde 15. Vipokezi vilivyofungwa katika vyumba vilinasa ishara hiyo, na mhudumu wa mapokezi akajua simu ya mtu aielekeze chumba gani. Mwaka 1996 Alex Pentland wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, aliandika katika Scientific American kuhusu vyumba vyenye kamera na maikrofoni vinavyojaribu kutambua sura, sauti na ishara za mikono.

Beji ya Cambridge ilikuwa na sifa moja ambayo vifaa vingi vya leo vimeipoteza: asiyetaka ijulikane aliko aliweza kuivua na kuiacha mezani. Kihisi cha darini hakivuliki.

Chumba kinajuaje kwamba nimo ndani?

Zipo njia kadhaa, na kila moja ina upofu wake. Njia ya bei nafuu na iliyoenea zaidi ni kihisi cha infraredi kisichotoa miale yoyote, kile kikombe cheupe chenye kioo cha plastiki kilichogawanywa vipande vipande ambacho huonekana kwenye dari za benki na mahoteli. Mwili wa binadamu hutoa joto ambalo sehemu yake husafiri kama miale yenye urefu wa mawimbi wa takribani mikromita 8 hadi 14. Vile vipande vya plastiki huligawa eneo la chumba katika kanda, na mtu anapotoka kanda moja kuingia nyingine, kihisi huona badiliko la joto na kutangaza kwamba kuna mtu. Neno la kuzingatia hapo ni badiliko. Kihisi hiki hakioni mtu. Kinaona mtu anayesogea.

Njia ya pili ni rada ndogo, mara nyingi ya mawimbi ya gigahezi 24 au 60, ambayo hutuma mawimbi na kupima yanavyorudi. Rada nzuri hugundua hata kifua kinapopanda na kushuka kwa milimita chache mtu anapopumua, kwa hiyo msomaji aliyetulia haimpotei. Ubaya wake ni kwamba haijui kwa yakini kinachosogea ni nini, na feni ya dari au pazia linalopepea huweza kuhesabiwa kuwa mtu ikiwa fundi hakuirekebisha ipasavyo. Aidha mawimbi yake hupenya mbao nyembamba za kutenganishia vyumba, kisha chumba kikadai kina watu kumbe watu wako upande wa pili.

Vipo pia vihisi vya joto vyenye picha hafifu sana, kwa mfano vya vitone 8 kwa 8, vinavyoonyesha madoa ya joto pasipo sura. Hivi huhesabu watu vizuri katika chumba kidogo na haviwezi kumtambulisha mtu kwa uso wake. Vipo vinavyopima kaboni dioksaidi: hewa ya nje ina zaidi kidogo ya sehemu 420 katika kila milioni, na chumba kilichofungwa chenye watu wengi hupita 1,000 bila shida, kwa hiyo ongezeko hilo hutoa makisio ya idadi ya watu, ingawa kwa kuchelewa kwa dakika kadhaa. Halafu kuna kamera, ambayo huona kuliko vyote, na kwa sababu hiyohiyo ndiyo ya mwisho kupendekezwa hapa.

Mimi ni wakili. Nikikaa kimya kusoma faili, taa zinazima na kiyoyozi kinafuata. Kuna nini?

Hilo ndilo lalamiko tunalolisikia kuliko mengine yote, na si hitilafu ya kifaa. Kihisi kilichofungwa ni cha infraredi, nawe husogei. Unageuza karatasi kwa vidole viwili, macho yako yako kwenye hati ya kiapo, na kwa kipimo cha kihisi chumba ni kitupu. Mara giza linaingia, inakubidi upunge mkono juu ya kichwa mbele ya mteja aliyekuja na shauri la shamba, naye anakutazama akidhani unampungia mkono wa kwaheri.

Kuna mambo matatu ya kufanya. Kwanza, muda wa kungoja kabla ya kuzima uongezwe. Muda wa dakika 5 unafaa ukumbi wa kupitia, si chumba cha kusomea. Pili, kihisi kihamishwe kiikabili meza badala ya mlango, kwa kuwa mafundi wengi hukiweka mahali penye waya tayari bila kujali kinaona nini. Tatu, kama chumba ni cha kazi ya kukaa, ongeza rada ndogo ifanye kazi pamoja na infraredi: infraredi iwashe mtu anapoingia, rada izuie kuzima maadamu kuna anayepumua. Mpango huo wa vihisi viwili hutatua tatizo katika vyumba vingi.

Joto la Malindi lina athari gani?

Lina athari kubwa, na maelezo ya watengenezaji hayaigusii, kwa sababu vifaa vingi vimejaribiwa katika nchi za baridi. Kihisi cha infraredi hutegemea tofauti kati ya joto la mtu na joto la ukuta ulio nyuma yake. Ngozi ya binadamu iko karibu nyuzi 33 au 34. Wakati wa kaskazi, saa nane mchana, chumba kisicho na kiyoyozi kinachoelekea magharibi hukaribia joto hilohilo, na mtu huanza kupotea machoni pa kihisi kana kwamba amevaa nguo ya rangi ya ukuta. Kihisi kilichofanya kazi vizuri asubuhi huonekana kimeharibika mchana, fundi akiitwa jioni anakikuta kizima, na kila mtu anamwona mwenzake mwongo.

Madirisha nayo ni suala jingine. Ofisi nyingi mjini humu huachwa wazi ili upepo upite, jambo ambalo ni la busara na linapunguza bili ya stima, lakini linakifanya kipimo cha kaboni dioksaidi kisifae kuhesabia watu: hewa inayoingia huifagia yote, na chumba chenye watu kumi husomeka kama chenye wawili. Usinunue kipimo hicho kwa ajili ya kuhesabu kama hukai na madirisha yaliyofungwa. Kinunue kwa sababu yake ya asili, yaani kujua kama chumba cha mikutano chenye kiyoyozi kinahitaji kufunguliwa mlango kabla watu hawajaanza kusinzia.

Kuhusu chumvi ya bahari, jibu ni fupi. Inakula viungo vya shaba vya vifaa vya bei rahisi. Ulizia vyenye bodi iliyopakwa kinga dhidi ya unyevu, na usiviweke karibu na dirisha linaloelekea ufukweni.

Je, chumba kinaweza kujua ninafanya nini, au kinajua tu kwamba nipo?

Kinakisia. Kihisi cha kiti kikisema kuna mtu, kibodi ya kompyuta ikiwa inatumika na mlango ukiwa umefungwa, programu huweza kuhitimisha kwamba mtu huyo anafanya kazi inayohitaji utulivu, ikazuia simu zisizo za haraka na kuzipeleka kwa mhudumu wa mapokezi. Watu sita wakiketi kuizunguka meza, mmoja akasimama upande wa projekta, programu huhitimisha kwamba kuna wasilisho, ikashusha mwanga wa mbele na kuacha wa nyuma.

Makisio ya aina hiyo huwa sahihi katika hali za kawaida, na hukosea katika hali ambazo mtengenezaji hakuzifikiria. Mtu aliyetulia mbele ya kompyuta bila kugusa kibodi anaweza kuwa anafikiri hesabu ngumu, anaweza kuwa amelala, na anaweza kuwa ameinamisha kichwa kwa msiba aliopata. Vipimo vya hali zote tatu vinafanana. Kwa hiyo kanuni tunayoifuata ni kwamba makisio yatumike kwa mambo ambayo yakikosewa hurekebishwa kwa kubonyeza swichi, kama taa, feni na simu, na yasitumike kamwe kupima bidii ya mtu au kuamua mshahara wake.

Basi kina msaada gani halisi kwa kazi za ofisi?

Msaada unaoonekana haraka zaidi ni wa chumba cha mikutano. Kila ofisi yenye chumba kimoja na idara nne inaujua ugomvi wake: chumba kimeandikishwa kuanzia saa tatu, waliokiandikisha hawakuja, na wengine wanasimama kwenye ujia na mafaili yao. Mfumo ukiona kwamba dakika 15 zimepita bila mtu kuingia, huifuta nafasi hiyo na kuwatangazia wengine. Hauhitaji kujua ni nani hakuja. Unahitaji kujua tu kwamba hakuna mtu.

Wa pili ni viyoyozi, ambavyo kwa ofisi ya Pwani ndivyo vinavyomeza sehemu kubwa ya stima. Kiyoyozi kilichosahaulika kikiwaka usiku kucha ni fedha iliyokwenda bure, na kihisi kimoja cha bei nafuu kinatosha kulizuia hilo. Kiunganishwe na kihisi cha dirisha, ili dirisha likifunguliwa mashine ipumzike.

Taa za karibu na dirisha zinaweza kupunguzwa kadiri mwanga wa jua unavyoongezeka. Malindi iko takribani nyuzi 3 kusini mwa Ikweta, machweo hayasogei sana mwaka mzima, na mwanga ni mwingi kiasi kwamba taa hizo mara nyingi hazina kazi mchana, isipokuwa siku za mawingu ya masika.

Kuhusu chumba kinachosikiliza mkutano na kuandika kumbukumbu chenyewe, tunashauri subira. Programu za kutambua sauti zinaendelea kukijua Kiswahili, lakini mkutano wa Malindi hauendi kwa lugha moja: mwenyekiti anafungua kwa Kiswahili, mhasibu anajibu kwa Kiingereza, wazee wa kamati wananong'onezana kwa Kigiriama, na ikiwa ni hoteli huenda mgeni akachangia kwa Kiitaliano. Kumbukumbu zinazotoka hapo zitahitaji karani wa kuzisahihisha muda mrefu kuliko ambavyo angeziandika mwenyewe. Zaidi ya hayo, maikrofoni iliyo wazi muda wote ni jambo zito kuliko kihisi cha joto, na watu hawasemi ukweli mbele yake.

Nimeambiwa mfumo hujifunza mazoea yetu. Unajifunzaje, na Ramadhani je?

Michael Mozer wa Chuo Kikuu cha Colorado aliifanya nyumba yake mjini Boulder, katika miaka ya 1990, kuwa maabara ya jambo hili. Mitandao ya neva bandia, yaani programu za kompyuta zinazojifunza kutokana na mifano, ilitabiri ni chumba gani kitatumika na lini, kisha mfumo ukapima gharama mbili kwa pamoja: gharama ya nishati, na gharama ya kumuudhi mkaaji. Mkaaji akienda mwenyewe kubadilisha taa au joto, mfumo ulihesabu kitendo hicho kuwa lalamiko na kujirekebisha. Mifumo mingi ya leo inaifuata njia hiyo kwa namna moja au nyingine.

Kwa ofisi ya hapa, tatizo liko kwenye kalenda. Mfumo unaojifunza kwa wiki utajua upesi kwamba Ijumaa mchana vyumba vinabaki vitupu watu wakienda msikitini, na hautawasha kiyoyozi hadi warudi. Ramadhani ni habari nyingine, kwa kuwa kila mwaka hutangulia takribani siku 11 katika kalenda ya kawaida, na mfumo unaolinganisha mwezi wa Machi na Machi iliyopita utapotea njia. Saa za kazi zinabadilika, watu hutoka mapema, na chumba cha chai hakiingiliwi na wengi mchana. Njia rahisi ni kuiingiza Ramadhani na Idi katika ratiba kwa mkono, badala ya kutumaini mashine itang'amua. Muuzaji akisema mfumo wake hauhitaji hilo, mwombe akuonyeshe unavyofanya.

Mwajiri wangu ataweza kujua nimekwenda msalani mara ngapi?

Kitaalamu, ndiyo, endapo ameweka kihisi chini ya meza yako na kuhifadhi kumbukumbu zake kwa jina. Ndiyo maana swali la kumuuliza haliko kwenye kihisi bali kwenye kumbukumbu: zinakwenda wapi, zinakaa muda gani, nani anazifungua. Mnamo Januari 2016 wafanyakazi wa gazeti la The Daily Telegraph mjini London walikuta visanduku vya kuhisi joto na mwendo vimefungwa chini ya meza zao. Uongozi ulieleza kwamba nia ilikuwa kupanga matumizi ya nishati na nafasi. Waandishi walilalamika, na visanduku viliondolewa mara moja. Pengine nia ilikuwa hiyohiyo iliyotajwa. Lakini aliyekuta kifaa chini ya meza yake asubuhi bila kuambiwa hana sababu ya kuamini maelezo yanayokuja mchana.

Kihisi cha chumba kizima kinatosha kwa taa na hewa. Kihisi cha meza ya mtu mmoja, katika ofisi ambapo kila mtu ana meza yake, ni kihisi cha mtu, hata kama hakina jina. Sisi hatukipendekezi.

Sheria ya Kenya inasemaje?

Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za mtu amjulishe kabla ya kuzikusanya, aeleze sababu, akusanye zile tu zinazohitajika kwa sababu hiyo, na asizihifadhi kupita muda unaohitajika. Mhusika ana haki ya kuona taarifa zake, kupinga zisitumike, na kutaka zilizo za uongo zirekebishwe au zifutwe. Alama za vidole na sura zinazotumiwa kumtambua mtu zimo katika kundi la taarifa nyeti. Pia mtu ana haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake, na hilo linamhusu moja kwa moja mwajiri anayetaka kutoa onyo kwa kutegemea ripoti ya kihisi.

Taarifa zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wahusika, Kamishna wa Ulinzi wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Faini ya Kamishna inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kipi kilicho kidogo. Biashara ndogo zimesamehewa kujisajili kwa masharti fulani, lakini mahoteli yamo katika kundi linalotakiwa kujisajili hata yakiwa madogo, na Malindi ni mji wa mahoteli.

Stima ikikatika?

Taa na viyoyozi vitazimika kama kawaida. La muhimu ni kinachotokea stima ikirudi. Mifumo mingine huwasha kila kitu kwa pamoja, na mingine hungoja seva iliyo nje ya nchi ijibu kupitia intaneti ambayo bado haijarudi, watu wakakaa gizani ilhali stima ipo. Chagua mfumo unaofanya maamuzi yake ndani ya jengo, na usikubali swichi za ukutani ziondolewe. Kufuli za milango ziwe na betri ya akiba na zifunguke kutoka ndani kwa mkono wakati wote, kwa usalama wa moto.

Ofisi yetu ya pili iko Lamu, katika nyumba ya mawe ya zamani. Mfumo huohuo utafaa?

Hautafaa bila mabadiliko. Kuta nene za matumbawe na chokaa huzuia mawimbi ya Wi-Fi, na kifaa kilichotosha ofisi nzima ya Malindi huenda kisivuke chumba kimoja. Kwa upande mwingine, kuta hizohizo huzuia rada isimhesabu mtu wa chumba cha jirani, na hubaki na ubaridi unaomsaidia kihisi cha infraredi. Mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo usitoboe ukuta wala kupigilia kifaa kwenye boriti kabla ya kushauriana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Vihisi vya betri vinavyobandikwa bila msumari vinatosha.

Tuanze na nini?

Anzeni na daftari. Kwa wiki mbili, karani aandike kila saa ni chumba gani kina watu, taa zipi zinawaka bure, na kiyoyozi kipi kinahudumia viti vitupu. Ofisi nyingi zikimaliza zoezi hilo hugundua kwamba shida yao iko katika chumba kimoja au viwili, wala si jengo zima. Fungeni huko kwanza, mwangalie kaskazi na kusi zote mbili kabla ya kuongeza, kwa sababu kifaa kilichokubalika Julai hakijathibitika hadi Februari.

Na wageni wanaokuja ofisini, nao waambiwe?

Naam. Tangazo libandikwe mlangoni kwa Kiswahili kinachosomeka, likieleza kifaa kinapima nini, kama kinarekodi sauti au picha, kumbukumbu zinakaa kwa muda gani, na nani wa kuulizwa. Karatasi moja inatosha. Mteja ambaye hataki kuzungumza ndani ya chumba hicho apewe kiti mahali pengine bila kuulizwa sababu.